Bibi hafiki kileleni: tafuta chanzo kabla ya kununua dawa

Ukitembea Malindi mjini au Langoni kule Lamu, hukosi mtu wa kukuuzia unga, mafuta au kijiti cha kumfikisha mwanamke kileleni. Dawa hiyo hiyo moja atauziwa bi arusi wa wiki mbili, mama aliyetoka arobaini juzi, mwenye sukari ya miaka kumi, na mke ambaye mumewe humaliza kabla yeye hajaanza kulowa. Wanne hawa hawana tatizo moja, na unga ule hautamsaidia hata mmoja wao. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili. Tazama yako ni ipi, ujue inatoka wapi, kisha ndio ufanye jambo.

Maswali matatu yatakuelekeza. Umewahi kufika hata mara moja, hata ndotoni? Kama umewahi, ilikuwa katika hali gani, na ilikoma lini? Na je, unaumia? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya maumivu. Mwili unaongoja kuumia hujikaza, na uliojikaza hivyo haufiki.

Wataalamu huliita hili tatizo pale linapodumu kiasi cha miezi sita, linapotokea karibu kila mara, na linapomsumbua mwanamke mwenyewe. Mke anayefurahia faragha yake, asiyefika kila usiku na asiyeona dhiki yoyote, haumwi. Asitafutiwe ugonjwa.

Sehemu zenyewe

Kinembe kinachoonekana ni ncha tu: kile kifundo kidogo kilicho juu, pale mashavu madogo ya uke yanapokutana, chini ya kofia ya ngozi. Kilichobaki kimo ndani. Kina shina, kina miguu miwili inayofuata mfupa wa kinena kila upande, na kina vifuko viwili vinavyoukumbatia mlango wa uke na kujaa damu hamu inapopanda. Kwa jumla hufika sentimita 9 hadi 11. Daktari wa Australia, Helen O'Connell, ndiye aliyeyaeleza haya kwa ukamilifu mwaka 1998. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walihesabu nyuzi za fahamu za kinembe cha binadamu wakapata zaidi ya 10,000. Hesabu ya 8,000 iliyokuwa ikinukuliwa miaka yote ilitokana na ng'ombe.

Uke wenyewe, hasa theluthi mbili za ndani, una nyuzi chache za namna hiyo. Uume unaoingia na kutoka hupita mbali na pale penye hisia kali. Katika uchunguzi wa wanawake 1,055 wa Marekani uliochapishwa 2017, hata mmoja kwa watano hawakutimia waliosema kuingiliwa peke yake kunawatosha kufika. Wengi walisema lazima kinembe kiguswe, au kikiguswa kilele huwa bora zaidi. Kwa hivyo mke asiyefika kwa kuingiliwa tu yuko katika kundi la wengi, na mumewe hana upungufu wala uume wake si mdogo.

Binti wa kifalme wa Ufaransa, Marie Bonaparte, alichapisha mwaka 1924 vipimo vya umbali wa kutoka kinembe hadi mlango wa uke. Akaona kwamba wenye umbali wa zaidi ya sentimita 2.5 hivi, upana wa kidole gumba, walipata shida zaidi kufika kwa kuingiliwa. Baadaye alipasuliwa mara kadhaa ili kinembe kisogezwe karibu, na hakupata alichokitaka. Umbali ule hauhitaji kisu, mkono unaufikia.

Hajawahi kufika hata siku moja

Hapa chanzo cha kwanza, na cha kawaida zaidi, ni hiki: haguswi panapohitajika, au anaguswa hapo kwa muda mfupi mno. Tazama hesabu. Katika utafiti wa nchi tano uliochapishwa 2005, muda wa katikati wa kuingiliana hadi mume amalize ulikuwa dakika 5.4. Katika utafiti mwingine wa 2020 wa wanawake zaidi ya 600 wenye waume wa kudumu, wastani wa muda wa mwanamke kufika, tangu ashiki zipande, ulikuwa kama dakika 13. Hakuna unga wa kuziba pengo la dakika nane. Linazibwa kwa kuanza mapema, kabla ya kuingiliana.

Chanzo cha pili ni kwamba mwanamke mwenyewe haujui mwili wake. Somo humfundisha bi arusi kujisinga, kujifukiza na kumpendeza mume, na hayo ni mazuri. Lakini mara nyingi mafunzo huishia kwa mume. Aketi na kioo cha mkono penye mwanga, atazame, ajue kinembe chake kiko wapi na kofia yake inasogea vipi. Kisha aanze kujifunza mguso. Kwa anayeona kujichua ni haramu, hatua hizi zote hufanywa na mumewe, mkono wa mume ukiwa chini na wa mke juu yake ukiuongoza.

Tengeni nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki, na mkubaliane mapema kwamba kwa wiki mbili za kwanza hakuna kuingiliana. Agizo hili linafanana na zoezi lililoenezwa na William Masters na Virginia Johnson wa Marekani mnamo 1970, na lina sababu: kuingiliana kukiondolewa, mke haogopi kuharakishwa na mume haogopi kushindwa. Wiki ya kwanza gusaneni mwili mzima isipokuwa matiti na sehemu za siri. Wiki ya pili sehemu hizo ziingie, bila lengo la kufika. Kucha ziwe fupi na mikono iwe imeoshwa, na anayetoka kukata pilipili au kupaa samaki aoshe mara mbili.

Tia kilainishi kwanza. Anza kuzunguka kinembe juu ya kofia yake, si juu ya ncha, kwa kuwa ncha ikiguswa kavu au mapema huuma badala ya kunoga. Jaribuni upande mmoja kwa nusu dakika, kisha wa pili, kisha juu, kisha chini, na kila mara mke atoe alama kati ya moja na kumi. Wengi hushangaa kukuta upande wa kushoto ni nne na wa kulia ni nane. Pakipatikana palipo juu, kaeni hapo hapo. Baadaye jaribuni vidole viwili badala ya kimoja, mviringo badala ya juu na chini, kiganja kizima kikikandamiza kinena. Jambo moja libadilishwe kwa wakati mmoja. Mkibadilisha mawili hamtajua lipi lililosaidia.

Wapo watakaofika ndani ya wiki chache, na wapo watakaohitaji miezi miwili au mitatu. Mwendo huo ni wa kawaida.

Anakaribia kabisa, kisha inapotea

Hii ndiyo dalili tunayoulizwa kuliko zote, na habari njema ni kwamba aliyefika karibu kiasi hicho ana mwili mzima. Kuna kitu kinachomkatiza, na ni lazima kitambulike.

Mara nyingi ni mume kubadilisha mwendo. Anasikia mke anahema, anafurahi, anaongeza kasi na nguvu, na papo hapo mambo yanapoa. Pumzi ikibadilika, shika mwendo ule ule, mkandamizo ule ule, pahali pale pale, hata mkono ukichoka. Anayetaka kasi atasema. Jambo jingine ambalo wanaume wengi hawalijui ni kwamba kilele kinapokaribia, ncha ya kinembe hujivuta ndani ya kofia yake. Mume aliyekuwa akiigusa anaona imemponyoka, anadhani ashiki zimekwisha, anaacha au anaanza kuitafuta. Usiitafute. Endelea juu ya kofia.

Sababu ya pili ni mkojo. Kabla ya kilele wanawake wengi husikia kama watajikojolea, wakabana na kujizuia, na kubana huko hukifunga kilele. Dawa yake ni nyepesi: enda chooni kabla ya kuanza, tandika leso iliyokunjwa mara mbili chini ya nyonga, halafu ikija ile hali iachie. Kibofu kitupu hakina cha kumwaga, na kikitoka kidogo leso ipo. Wengine hutoa majimaji wakati wa kilele na wengine hawatoi. Hayo si kipimo cha chochote.

Tatu ni pumzi. Mwanamke anayeogopa kusikiwa huzuia pumzi, akakaza mabega na taya. Kukaza mapaja na makalio kunaweza kusaidia, lakini pumzi isizuiwe: vuta kwa pua, toa kwa mdomo polepole, na taya liwe limelegea.

Nne ni akili kujitazama. Anajiuliza kama anachelewa, kama mume amechoka, kama tumbo lake linaonekana. Fikra kama hizi haziondoki kwa kuambiwa ziondoke. Zipe kazi nyingine: tia akili yote chini ya kidole, uhesabu mizunguko, au ujieleze kimoyomoyo unachokisikia, joto, uteute, mkandamizo. Ukiona umetoka, rudi bila kujilaumu.

Mume naye anaweza kusaidia kwa kusema mara moja tu, kwa dhati, kwamba hana haraka. Kuuliza "umefika?" kila dakika kunafanya kinyume chake.

Akiwa peke yake hufika, akiwa na mumewe hafiki

Mwili umeshajibu swali lake. Kilichobaki ni lugha baina ya watu wawili. Linganisha: peke yake anatumia mkandamizo gani, miguu iko wapi, inachukua dakika ngapi? Kisha hayo hayo yahamishiwe kwa mume bila kupunguzwa. Kama hufika akiwa amebana miguu na mumewe humpanua, hilo ndilo jibu.

Wakati wa kuingiliana, mkono ubaki kazini. Mke akilala ubavu na mume nyuma yake, mkono wa mmoja wao unafika mbele bila shida. Mke akiwa juu, asiruke juu na chini. Akae chini kabisa na kusuguza kinena chake kwenye kinena cha mume, mbele na nyuma. Wakipenda mume awe juu, apande mbele zaidi kwa upana wa kiganja hivi kuliko kawaida, mfupa wake wa kinena uliegemee kinembe, na wote wawili watikise nyonga taratibu bila kuchomoa sana. Mto mgumu chini ya makalio ya mke hurahisisha. Mke akianza kusikia kilele kinakuja kwa mkono, uume uwe umeshaingia na umetulia. Baada ya siku nyingi za hivyo, mkono unaweza kuondolewa sekunde chache mapema, kisha mapema zaidi. Kwa wengine njia hii hufanya kazi na kwa wengine mkono hauondoki kamwe, na hapo hakuna kasoro.

Wanaojifanya wamefika wanajiongezea mzigo. Mume anafundishwa kwamba alichofanya ndicho, na kesho atakirudia. Kuitoa siri hiyo hakuhitaji kuungama yote ya nyuma. Chagua wakati ambao hamko kitandani wala hamjagombana, useme jambo moja la kufanywa, si orodha ya makosa: "Babake Salma, leo usiku naomba nikushike mkono nikuonyeshe panaponipendeza." Asiyeweza kutamka hayo akiwa uso kwa uso ayaandike kwenye simu. Na ndani ya giza ishara zatosha: kidole kimoja begani ni endelea, viwili ni taratibu.

Mume anayeona aibu kufundishwa akumbuke kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika wazi kuwa mume akishakidhi haja yake angoje hadi mkewe naye akidhi yake. Kumngoja mke si mambo ya kizungu.

Nyumba ndiyo inayozuia

Hili huwapita madaktari wengi kwa kuwa halionekani kwenye vipimo. Vyumba vingi vya nyumba za kale za mawe Lamu hutengwa kwa pazia. Huko Malindi, Maweni au Kisumu Ndogo, familia huweza kulala chumba kimoja na watoto. Kitanda kinalia. Mama mkwe yuko upande wa pili. Halafu kuna josho: ukigonga ndoo usiku wa manane kila mtu anajua kulikuwa na nini.

Shusha godoro sakafuni juu ya mkeka, kelele ya kitanda itakwisha. Washa feni, hata usiku wa baridi ya kusi, kwa ajili ya sauti yake. Wakati wa kaskazi, joto likiwa halishikiki, oga kwanza na uhamie karibu na dirisha. Mwili uliochoka kwa joto huchelewa kupanda. Teka maji ya josho jioni na uyaweke bafuni tayari pamoja na kata ya plastiki, isiyogonga. Tena si lazima iwe usiku. Saa ambayo watoto wako chuoni, mlango umefungwa na chakula cha mchana kimeshainjikwa, ni bora kuliko saa sita ya usiku ambapo mke amesimama tangu alfajiri. Mume anayetafuna muguka hadi usiku wa manane naye hubadilisha saa za nyumba nzima. Akipanda kitandani, mke ameshalala fofofo, na mara nyingi usimamaji wake mwenyewe una mushkeli.

Anaumia, au ni mkavu

Tumieni kilainishi cha maji cha duka la dawa, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na muongeze kikikauka. Mate hukauka upesi. Mafuta ya nazi safi yanafaa kwa wengi, ila kamwe yasitumiwe na kondomu ya mpira: yanaidhoofisha ndani ya dakika chache, ikapasuka.

Vitu vya kuacha leo ni shabu, ndimu, sabuni, dawa ya meno, manukato, na unga wowote wa kukaza. Vyote hukausha na kuchubua. Mchubuko huleta maumivu, hufungua njia ya maambukizi, ukiwamo virusi vya UKIMWI, na mwanamke anayechubuka kila mara hujifunza kulichukia tendo lenyewe. Udi ufukize nguo, nywele na chumba. Moshi usielekezwe ukeni. Singo na halua za ngozi ziishie kwenye mapaja. Tunajua bidhaa za kubana huuzwa kwa sifa kwamba mume atafurahi. Ute ni alama ya ashiki, na mume aliyefunzwa hivyo atautafuta.

Maumivu mlangoni, yenye mwasho na uchafu mzito mweupe, huenda ni fangasi. Harufu ya samaki ni jambo jingine na dawa yake ni nyingine, kwa hivyo pimwa kwanza. Maumivu ya ndani sana, hasa yakifuatana na hedhi kali au homa, yahitaji daktari: huweza kuwa maambukizi ya kizazi, uvimbe, au ukuta wa kizazi unaoota nje ya mahali pake. Na kama uke unajifunga wenyewe, hata kidole hakiingii, hilo ni kukaza kwa misuli bila hiari. Asilazimishwe. Hutibiwa kwa mazoezi ya kulegeza na vipanuzi vya ukubwa unaopanda polepole, akisaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa mwanamke huyo wa mwisho, mazoezi ya kubana yatamzidishia. Yanawafaa waliolegea baada ya kuzaa. Hubanwa misuli ile inayozuia upepo, sekunde tano, huachiwa sekunde tano hadi kumi, mara kumi, duru tatu kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu. Tumbo na makalio yasikazwe. Usiyafanye unapokojoa.

Alikuwa akifika, sasa hafiki

Uliza ni nini kilichobadilika miezi mitatu kabla.

Dawa mpya ndizo za kwanza kushukiwa. Dawa za sonona kama fluoksetini, setralini na paroksetini zinajulikana kwa kuchelewesha au kuzuia kilele. Haloperidoli na risperidoni hupandisha homoni ya prolaktini na kupunguza ashiki. Baadhi ya dawa za presha zimo pia. Wapo wanaosema sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi imewakausha au kuwapoza, na wapo wasioona tofauti. Usiache dawa yoyote kwa ghafla. Kuacha dawa ya presha au ya akili kienyeji ni hatari kuliko kukosa kilele. Rudi kwa aliyekuandikia, umwambie jambo hili kwa jina lake. Anaweza kupunguza kiasi, kubadilisha aina, au kuongeza nyingine kama bupropioni.

Kama umejifungua, arobaini kuisha hakumaanishi kidonda kimepona. Mshono unaweza kuuma miezi mitatu. Anayenyonyesha ana prolaktini nyingi na estrojeni kidogo, kwa hivyo ukavu ni wa kutarajiwa na hupungua anapoachisha. Kwa aliyekoma hedhi ukavu haupungui wenyewe; mwulize daktari kuhusu krimu ya estrojeni ya ukeni, ambayo kwa kawaida hutumiwa kila siku kwa wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki. Mkandamizo na muda navyo huhitaji kuongezwa na umri.

Sukari isiyodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu na ya damu hata huko chini. Pima kipimo cha wastani wa miezi mitatu, si kile cha kidoleni tu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu na upungufu wa damu navyo huzima ashiki.

Kisha kuna lisilopimwa maabara: kinyongo. Mke wa pili, pesa zilizofichwa, neno lililosemwa mbele ya watu. Hapo kidole hakitasaidia hadi neno limalizwe, ama baina ya wawili au kwa mtu mzima wanayemwamini wote.

Na ikiwa mwanamke analazimishwa au kupigwa, asisome haya kama jukumu lake la kujirekebisha. Simu 1195 ni ya bure Kenya nzima. Aliyebakwa awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia virusi.

Wapo wanaouliza vidonge vya buluu vya wanaume. Havijaidhinishwa kwa wanawake, na hakuna kidonge kingine chochote kilichoidhinishwa kwa kuleta kilele cha mwanamke.

Mume humaliza mapema

Mke afike kwanza, kwa mkono, kisha ndio waingiliane. Hilo peke yake hulitatua kwa nyumba nyingi. Kando yake mume afanye zoezi la kuacha na kuanza: aguswe hadi ashiki zifike saba kwa kumi, aache nusu dakika, aanze tena, mara tatu, ya nne amalize. Siku tatu kwa wiki, wiki sita au zaidi. Akiona halibadiliki, naye ana daktari wake.

Aliyekeketwa

Ndani ya Lamu na jirani yake Tana River wapo wanawake wengi waliokatwa utotoni. Kwa uchunguzi wa kitaifa wa 2022, wanawake 15 kwa kila 100 nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Wengi wao wameambiwa kwamba hawana tena cha kuguswa. Si kweli. Kinachokatwa ni ncha, na wakati mwingine mashavu. Shina, miguu na vifuko vimo ndani chini ya kovu. Daktari wa Ufaransa, Pierre Foldès, amewafanyia maelfu ya wanawake upasuaji wa kuondoa kovu na kukitoa kinembe kilichobaki, na katika ripoti yake ya 2012 wengi wa waliorudi kupimwa walisema maumivu na hisia vimekuwa afadhali, au angalau havikuzidi kuwa vibaya.

Kabla ya kufikiria kisu, anza na mkono. Paka mafuta, kanda kovu na pembeni yake taratibu dakika tano kila siku, ulegee. Kisha tumia mkandamizo mpana, kiganja juu ya kinena, badala ya ncha ya kidole. Tafuta palipo na hisia kwa alama zile zile za moja hadi kumi: pembeni mwa kovu, ukuta wa mbele wa uke sentimita tatu au nne ndani, matiti, shingo. Usiguse panapochoma kama umeme. Hapo huenda pana uvimbe wa mshipa uliokatwa, na hutibika. Aliyeshonwa afunguliwe na daktari au mkunga aliyefunzwa, kwa ganzi, wala asifunguliwe na mume usiku wa arusi.

Sheria ya Kenya ya 2011 inamkataza mkeketaji. Aliyekeketwa ana haki ya kutibiwa. Ukifika King Fahd Lamu au hospitali ya serikali ya Malindi, omba mhudumu wa kike kama unaona haya, na usiseme tu "naumwa chini". Sema: "Nilikatwa nikiwa mdogo, sisikii kitu tukilala na mume wangu, na hapa upande wa kulia panachoma nikiguswa." Beba majina ya dawa zote unazomeza na tarehe ya hedhi ya mwisho.